Pumzi Ndani ya Nozeli

Pikipiki ilikuwa imefungwa upya kwa ukamilifu, hakuna nati iliyobaki mezani, lakini kila ilipopata moto ilikohoa, ikatetemeka, ikazimika. Na moshi wake haukunuka petroli. Ulinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Fundi alikuwa mtu wa utaratibu. Alipima msukumo wa pampu ya mafuta, ulitosha. Akabadilisha plagi. Akakagua mpira wa kupitishia hewa, asione ufa, kisha akachomoa na kuchomeka tena kila soketi ya sensa. Ikabaki nozeli, ile inayopuliza mafuta kuelekea ndani ya injini.

"Bado tu?" aliuliza mteja, ameegemea mlango wa gereji. "Unaitengeneza au unaibembeleza ilale?"

"Subira, bwana. Injini haitishwi kwa maneno."

Pikipiki ilikuwa ya kaka wa mteja huyo, aliyefia juu yake pale breki zilipokataa mteremkoni. Kaburi halijakauka, naye alikwisha kuhamia katika nyumba ya marehemu. Shemeji yake, mjane, alikuwa ameketi kwenye benchi. Ameburutwa hadi hapo ili akabidhi ufunguo wa akiba.

Fundi aliiwasha tena. Akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli na mpini wake sikioni, kama mafundi wafanyavyo ili kusikia iwapo inagonga sawasawa. Iligonga sawasawa. Lakini chini ya milio ile palikuwa na pumzi ya mtu, nzito, yenye kukwama, kama ya aliyelaliwa na kitu kifuani, na kadiri fundi alivyokandamiza mpini ndivyo pumzi ilivyopanda ndani ya chuma, ikawa baridi sikioni mwake, ikawa sauti, nayo ikanong'ona kwa upole uliomsisimua mwili mzima: "Si wewe. Mpe yeye asikilize."

"Bwana," fundi alisema kwa sauti ya chini, "njoo usikie mwenyewe."

"Kumbe fundi ni mimi!" Akacheka, akainama, akaweka sikio.

Kicheko kilikatika. Macho yakamtoka pima. "Kaka, nisamehe, nilidhani utaumia tu, sikudhani..." Akajaribu kukiondoa kichwa, kichwa kikagoma, na harufu ya udongo ikajaa gereji, ikawaingia wote puani na kooni, injini ikipandisha mngurumo juu na juu zaidi ilhali hakuna mkono uliozungusha mpini wa mafuta, mpaka ghafla ikatulia, ikanguruma laini kama siku ilipotoka dukani.

Yule mtu akainuka taratibu. Akamtazama mjane kwa namna ambayo shemeji hamtazami shemejiye.

"Mama Kelele," alisema, kwa sauti iliyokwisha kuzikwa, "mbona umekonda hivi?"

Jina hilo la utani halikuwahi kutoka nje ya chumba cha mjane na mumewe.

Fundi alirudi nyuma hadi ukutani. "Dada, usimjibu! Nakuomba. Nitamwita mganga amtoe marehemu humo."

Mjane alisimama, akasogea. Ndani ya koo la yule mtu, mbali sana, sauti nyingine ililia: "Shemeji... nisaidie... huku giza..."

"Breki alizikata yeye?" mjane aliuliza.

"Yeye. Kwa kisu cha jikoni kwetu."

Mjane akaanza kumfunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, bila haraka, hadi kile cha kooni. Kilio kikafifia.

"Mganga wa nini, fundi?" alisema. "Huyo anayelia humo ndani asitoke."