Sleji ya Jernej

Kila Jumamosi, akishakunywa chai, Jerica alikwenda kumsaidia shangazi yake Marjeta kwenye makumbusho ya bonde lao. Makumbusho yenyewe yalikuwa vyumba viwili vya shule ya zamani, iliyofungwa watoto walipopungua. Humo mlikuwa na mizinga ya nyuki, vyungu vya maziwa, na sleji kubwa ya mbao, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, ambayo zamani ilishusha majani makavu ya ng'ombe kutoka mlimani wakati wa baridi kali.

Jerica alipangusa vumbi, akafagia, kisha akawatembeza wageni. Kazi hiyo aliipenda, ila wageni walipofika kwenye sleji walipiga miayo. Kibao chake kilisema tu, "Sleji ya Jernej." Basi siku moja akawatungia kisa.

"Huyu Jernej alikuwa mlevi wa kutupwa," alisema. "Aliwekeana dau na wenzake kwamba atashuka mlima amefumba macho. Akaishia kwenye shimo la samadi la padri."

Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo kisa kikawa kinanenepa kila wiki.

Jumamosi moja alikuja bibi mwenye kitambaa cheusi kichwani. Wageni wengine walipocheka, yeye aliweka mkono juu ya sleji.

"Nani kakwambia hayo, mjukuu wangu?"

"Yanajulikana, bibi. Bonde zima linayajua."

"Mimi ni Rezika wa kule juu, nyumba ya mwisho. Sijawahi kuyasikia. Jernej ni kaka yangu."

Wageni wakatoka mmoja mmoja. Bibi Rezika alimfuata Marjeta mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nitamtuma mtu aje kuchukua sleji yetu. Niliwapa muitunze, sikuwapa muifanyie mzaha."

Marjeta alimwita Jerica, naye akaeleza yote bila kuficha, machozi yakimtoka. Shangazi yake hakumgombeza.

"Ningeweza kwenda mimi kukuombea radhi," alisema. "Lakini mdomo uliosema ndio utakaokwenda."

Kesho yake Jerica alipanda hadi nyumba ya mwisho. Bibi Rezika alikuwa jikoni akimenya viazi. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Bibi, nilisema uongo. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka tu wacheke. Naomba unisamehe."

Bibi aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yuko kitandani na homa ya mapafu, majani yamekwisha, ng'ombe wanalia zizini. Jernej akapanda peke yake. Mimi nilikuwa mdogo, nilimngoja chini na maziwa ya moto. Nikamwona anashuka, anakaza miguu yote miwili aizuie sleji, haizuiliki. Njia nzima ilikuwa barafu. Ikampita juu na mzigo wake wote."

Akaweka kisu chini.

"Pombe hakuwahi kuionja. Na ng'ombe tuliwalisha majani yale yale. Tungefanyaje?"

Jerica alivuta kigoda, akachukua kiazi, wakamenya pamoja. Alipoaga, bibi alimwambia, "Sleji ibaki. Lakini Jumamosi nitakuja kusikiliza."

Alikuja kweli, akasimama nyuma ya wageni. Jerica alisimulia kama alivyosimuliwa. Alipofika kwenye maziwa ya moto aliweka mkono juu ya sleji, akamaliza. Hakuna aliyepiga miayo. Mzee mmoja alivua kofia. Bibi Rezika aliitikia kwa kichwa, akajifunga vizuri kitambaa chake, akaenda zake bila kuaga.

Wakati wa kufunga milango Jerica aliuliza, "Shangazi, na wale waliocheka siku zile? Tutawapataje?"

"Hatutawapata. Maji yakimwagika hayazoleki. Huko waliko, Jernej ataendelea kuwa mlevi."

Jerica aliinama. Shangazi yake alimshika bega.

"Marehemu hana mdomo wa kujitetea, mwanangu. Anategemea wetu. Kwa hiyo sema unalolijua, na usilolijua sema hulijui. Wageni wakipiga miayo, waache wapige."