Fomu ya Amerika na Ng'ombe wa Salvator

Nyumba ya Gahongayire, hapo Kabeza, haijui siku ya kukosa wageni. Jumamosi hiyo chai ilikuwa tayari, na aliyekalia kiti kizuri alikuwa Nkusi, mnunuzi wa ng'ombe. Gahongayire hakumwita. Kumbe aliyemwita ni mumewe, Benon.

"Namuuza ng'ombe," Benon alisema bila kumtazama mkewe.

"Yule tuliyepewa na rafiki yako Salvator? Ng'ombe wa urafiki anauzwa, Baba Shallon? Uso tutauficha wapi?"

Benon akampa karatasi. Alikuwa amefanya kazi Amerika miaka kumi na mitano, hata akapata uraia. Huko alimfungulia binti yao Shallon akiba ya masomo, na sasa Shallon anasoma chuo hukohuko. Mwaka jana Benon alitoa dola elfu tisa katika akiba hiyo. Sasa imekuja fomu ya kodi, na elfu tisa zimeandikwa juu kabisa.

"Wanazidai zote, na ng'ombe ni mwanzo tu," alisema. "Nimeuliza watu wanne."

"Watu gani?"

"Kinyozi, na watatu waliokuwa wakisubiri kunyolewa."

Gahongayire hakubishana. Alitoka akamleta jirani yao Akinyi, Mkenya ambaye kazi yake ni kuwajazia watu fomu za kodi za Amerika. Nkusi naye akajiongezea chai.

Akinyi alisoma akiwa amesimama. "Mzee Benon, hili si deni. Ni taarifa. Kisanduku cha kwanza ni pesa yote uliyotoa. Cha pili, elfu tatu, ni faida. Cha tatu, elfu sita, ni jasho lako mwenyewe uliloweka akiba, na hilo halitozwi tena. Faida nayo haitozwi, kama pesa yote ililipa gharama za masomo zinazokubalika, mwaka uleule ulipoitoa. Lete risiti."

Benon akaleta mfuko. Akinyi akatoa risiti za karo, bweni na vitabu, akazijumlisha. Zilifika elfu nane na mia nane. Halafu akatoa karatasi yenye mafuta.

"Na hii ya brosheti, mishikaki ya mbuzi?"

"Ni ya sherehe ya kumuaga Shallon. Hayo nayo ni masomo. Mtoto asiyeagwa atasoma vipi?"

"Mimi nilikula brosheti tatu siku ile," Akinyi alisema. "Sikujua niko darasani."

"Mimi nilikula sita," Nkusi akasema.

"Wewe basi una digrii," Gahongayire akamjibu.

Benon hakucheka. "Sasa iko namna gani? Ng'ombe anakwenda ama anabaki?"

"Anabaki. Dola mia mbili za sherehe hazikubaliki, lakini theluthi yake tu ndiyo faida. Ni kama dola sitini na saba. Hizo ziandike kwenye fomu yako ya mwaka, ulipe kodi yake na adhabu ya asilimia kumi. Adhabu yenyewe haifiki dola saba."

"Na nikinyamaza?"

"Nakala ya fomu hii watu wa kodi wanayo. Utanyamaza wewe. Karatasi haitanyamaza."

Nkusi akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta kofia yake.

Mwaka uliofuata Benon aliomba pesa ya akiba ipelekwe chuoni moja kwa moja. Kwa hiyo safari hii fomu ikatoka kwa jina la Shallon. Wakailinganisha na risiti: pesa yote ilikuwa ya masomo, hapakuwa na kodi. Risiti wakazitunza. Sherehe ya kumuaga Shallon, Benon aliilipia kutoka mfukoni mwake. Brosheti zilipungua, wageni hawakupungua.

Ng'ombe naye akazaa jike. Kama ilivyo desturi, walimpelekea Salvator ndama huyo kumshukuru. Benon akasimama mbele ya watu. Akamsifu Salvator. Akamsifu ng'ombe, pembe zake na mwendo wake. Halafu akazisifu risiti, moja moja. Wazee wakaitikia vilevile, maana hotuba ya ng'ombe haikatizwi.

Salvator akamnong'oneza Gahongayire. "Risiti zimeingiaje kwenye ng'ombe wangu?"

"Kunywa maziwa, shemeji," Gahongayire alisema. "Bila hizo, ndama huyu ungekwenda kumwomba kwa Nkusi."