Vitanda Viwili Uchina

"Akili, umetuwekea chumba cha aina gani huko?"

"Kizuri," mume wangu alinijibu, amepiga magoti juu ya sanduku ili zipu ikubali kufunga. "Weye usijali, chérie. Yote nimepanga."

Sikumuuliza tena. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na barua pepe ya watu wa utalii ilieleza kila kitu: siku kumi na moja Uchina, miji, milima na mito, wateja wawili, dereva wetu na mwongozaji wetu peke yetu. Halafu chini kabisa mstari mmoja wa Kiingereza: "Room type: TWIN, as requested by Mr Akilimali."

Twin ni vitanda viwili, kila mtu na chake. Na aliomba mwenyewe.

Naitwa Gakii, Mmeru, nesi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Sydney. Mume wangu Akilimali ni Mkongo wa Uvira, na "ndiyo" yangu kwake ni "njo". Tumeoana miaka sita, tunaishi Macquarie Fields, na ukiniuliza ni mara ngapi tumelala pamoja usiku mzima, nitaona haya kukujibu. Yeye huingia kazini ghalani saa kumi na moja alfajiri. Mimi hurudi saa mbili asubuhi. Nikiamka, ameshapitiliza kwenye kazi ya pili ya kupeleka vyakula kwa gari. Tunaishi kwa sahani zilizofunikwa: namwachia mukimo wa kwetu, ananiachia sombe ya kwao, majani ya muhogo, na kikaratasi mlangoni mwa friji. Kitanda ni kimoja, tunakipokezana.

Ndiyo maana aliponiambia kuwa ameipanga safari hii mwaka mzima kwa siri, nililia. Siku kumi na moja za kuwa mke na mume. Kumbe mwenzangu ameomba kila mtu alale kivyake.

Nina ubaya mmoja, na wanaonijua watakubali. Nikiumizwa siulizi, nahukumu. Nilitoka nje nikampigia Vanessa, msichana wa kwetu anayesoma chuo kule Kensington.

"Vanessa, ile room ya hapo kwenu bado iko?"

"Iko. Nani anahama?"

"Mimi."

"Sis, wacha jokes. Na shemeji?"

"Shemeji yako ameomba vitanda viwili. Trip ya kwanza tangu tuoane, ameomba vitanda viwili."

"Ah. Hiyo ni noma. Lakini umemuuliza?"

"Nimuulize nini na imeandikwa?"

"Basi nitaongea na landlord angoje. Lakini wiki ijayo Ijumaa saa sita mchana anataka jibu, yes ama no. Kuna wengine wanaitaka."

"Nitakuwa nimekupa jibu."

Niliingia ndani nikamsaidia mume wangu kufunga sanduku.

*

Mwongozaji wetu aliitwa Miss Lan. Alitupokea uwanjani Xi'an, mwanamke mfupi mwenye kofia pana na chupa ya maji ya moto, ameinua bendera ya njano juu kabisa kana kwamba anangoja watu arobaini. Tulipoingia garini alitunyoshea kidole kwa zamu.

"Mmoja, wawili. Kamili," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, akampa dereva ruhusa.

Alifanya hivyo kila tulipopanda na kila tuliposhuka. Siku ya pili nilishindwa kuvumilia.

"Miss Lan, tuko wawili tu. Unahesabu nini?"

"Kwenye kundi la arobaini nikipoteza mtu, nimepoteza mtu mmoja," alinijibu bila kutabasamu. "Kwenu nikipoteza mtu, nimepoteza nusu ya kundi."

Akili alicheka sana, kisha akageukia dirishani.

"Unajua, kule kambini Uganda walituhesabu maelfu," aliniambia polepole. "Foleni ya unga, foleni ya maji. Leo mama huyu ananihesabu miye tu. Gakii, kila safari ya maisha yangu ilikuwa ya kukimbia. Hii njo ya kwanza ya kutembea."

Alikuwa ameshika pasipoti yake mpya ya Australia, pasipoti ya kwanza maishani mwake, na hakutaka kuitia mfukoni. Nilitaka kumshika mkono. Nikakumbuka ule mstari wa barua pepe, nikashika mkoba wangu.

Usiku wa kwanza tulikuwa tumefungua mlango wa chumba na kuvikuta: vitanda viwili vyeupe, meza katikati, taa katikati. Mume wangu alisimama mlangoni akivitazama kwa muda mrefu kuliko mtu aliyepata alichoomba. Hilo sikulitilia maanani.

"Chagua," alisema.

"Chagua wewe."

"Hapana, chagua weye. Njo ulivyopenda."

Nilichukua cha dirishani. Yeye akalala cha mlangoni, akanigeuzia mgongo. Nikasema moyoni, basi, Kensington.

Tuliendesha baiskeli juu ya ukuta mkubwa wa mji, Akili akipiga kengele kila akinipita. Tulikula tambi zilizonitoa machozi kwa pilipili. Kila asubuhi alinimenyea yai na kuliweka kwenye sahani yangu bila kusema neno. Sikuelewa mtu anayetaka kulala mbali nami anawezaje kunimenyea mayai. Hasira yangu ilianza kukosa chakula, lakini niliilisha kwa nguvu.

Ijumaa ikatukuta kwenye milima ya Zhangjiajie. Kupanda huko unakaa ndani ya kijumba cha vioo kinachoning'inia kwenye waya, karibu nusu saa nzima hewani, chini yako mabonde na ukungu. Tuliingia watatu.

"Mmoja, wawili. Kamili," alisema Miss Lan, mlango ukafungwa.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Vanessa: "Sis huku ni saa tano na nusu. Landlord amenipigia mara mbili. Yes ama no?"

Nilianza kuandika herufi ya kwanza ya yes. Wakati huohuo Miss Lan akatazama karatasi zake, akasema kwa upole wa kazi:

"Leo hoteli ni ndogo, lakini msiwe na wasiwasi. Nimethibitisha chumba chenu. Twin, kama alivyoomba bwana."

"Umesikia?" nilimwambia mume wangu kwa Kiswahili. "Kama alivyoomba bwana."

"Nasikia," alijibu. "Niliomba twin. Hawanipi. Kila hoteli wananipa double."

"Wanakupa nini?"

"Double. Vitanda mbili. Si ni weye ulibadilisha, Gakii? Niliona siku ya kwanza, nikasema basi, bibi yangu ameandikia hawa watu. Amenichoka. Nikanyamaza, sikutaka kukuharibia safari."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Akili. Double ni nini?"

"Double ni mbili. Hata mtoto wa shule anajua. Mbili, vitanda mbili."

"Na twin?"

"Twin ni mapacha. Jumeaux." Alinionyesha vidole viwili amevibananisha. "Miye na Destin, unajua tulizaliwa pamoja. Tulilala mkeka moja, shuka moja, hadi vita ikamutupa yeye Bukavu na miye Uganda. Mama alisemaka hawa wawili ukiwaachanisha usingizini wote watalia. Sasa ile fomu ikaniuliza, double ao twin. Nikawaza, twin njo chumba cha watu wenye hawaachanishwi." Alivibana zaidi vile vidole. "Tangu mkeka ule sijalala na mtu usingizi mzima. Hata weye, bibi yangu. Nilitaka siku kumi na moja."

Kijumba kiliyumba kidogo tulipopita nguzo. Sikuogopa urefu wala upepo. Niliogopa ile herufi moja iliyokuwa imesimama kwenye simu yangu.

"Twin ni vitanda viwili, Akili," nilimwambia. "Double ndiyo kimoja. Kikubwa, cha watu wawili."

Aliligeuza neno lile kichwani.

"Double ni moja?"

"Ni moja."

"Na mapacha wanalala mbalimbali?"

"Kwa Kizungu, ndiyo."

"Hii lugha," alisema, akatikisa kichwa. "Ju ya nini hukuniuliza?"

"Na wewe, mbona hukuniuliza?"

Nilijikaza nikampa simu yangu, kwa sababu kama ningelinyamazia na hilo, tungerudi Sydney na uongo mpya. Alisoma ujumbe wa Vanessa, kisha akarudi juu akasoma zile jumbe za wiki nzima.

"Ulikuwa unanitoka?"

"Nilikuwa natoka. Nilidhani wewe umeshatoka. Nisamehe."

"Ulikuwa na chumba tayari?"

"Ndiyo."

Alifunga macho. Nilihesabu nguzo mbili za waya zikipita. Miss Lan alikuwa ametupa kisogo, anatazama milima aliyoiona mara elfu kana kwamba imeota asubuhi ile. Mume wangu akafungua macho, akanirudishia simu mkononi na kuacha mkono wake hapohapo.

"Muandikie huyo mtoto," alisema. "Anangoja."

Niliandika: "No. Mwambie landlord asante, na wewe asante kwa kuningoja. Sihami."

Jibu likaja papo hapo: "Whaaat! Nini imehappen huko juu?"

"Kizungu," nikamwandikia.

"Kizunguzungu? Kunywa maji sis."

"Hapana. Kizungu."

Tulianza kucheka. Tulicheka mpaka Miss Lan akageuka, na tulipomweleza, alivua kofia akajipepea, machozi yakimtoka kwa kicheko. Kisha akapiga simu hotelini. Hawakuwa na chumba kingine.

"Basi vitanda tutavisukuma vikutane," alisema.

Na tulivisukuma kweli, sisi wawili na mhudumu mmoja wa hoteli, Miss Lan akituelekeza kwa bendera yake ya njano. Katikati palibaki ufa. Akili aliujaza kwa koti lake.

Huko Guilin tulikopanda mashua za mianzi katikati ya vilima, tulipewa double ya kweli. Hapo ndipo tulipogundua aibu nyingine. Tulijitupa kitandani wote kwa pamoja na kugongana vichwa.

"Weye unalala upande gani?" aliniuliza akisugua paji la uso.

"Katikati. Na wewe?"

"Katikati."

Miaka sita ya ndoa, na hakuna aliyekuwa na upande.

*

Tulitua Sydney Jumapili asubuhi. Kwenye treni ya kwenda nyumbani nilimwandikia meneja wangu kwamba naomba kuhamia zamu ya mchana, na nilipoinua macho nikaona Akili anafuta ile programu ya kupeleka vyakula kwenye simu yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye hivyo. Kabla ya kufika Macquarie Fields, meneja alijibu: "Yes, from next roster," yaani kuanzia ratiba ijayo ya zamu. Nilimwonyesha mume wangu. Alilisoma lile yes mara mbili, akaniuliza kama maana yake ni ileile anayoijua.

"Ileile," nikamwambia.

Ninawaandikia haya, wasomaji, kushukuru tu. Namshukuru Mungu kwa mwanamume aliyefikiria mapacha aliponifikiria mimi. Namshukuru Vanessa aliyenizuilia chumba nisichokihitaji. Na namshukuru mwanamke mmoja mfupi wa Uchina, ambaye siku ya kuagana aliniambia kuwa hajawahi kurudisha nusu ya kundi.

Tulipofika nyumbani ilikuwa saa tano, jua limejaa chumbani. Hatukufungua hata masanduku. Kitanda chetu kina shimo katikati, tulilolichimba kwa zamu miaka sita. Nililala upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, na lile shimo likatuvuta wote ndani.

"Mmoja," Akili alisema, amefumba macho.

Akangoja.

"Wawili," nikamjibu.

Hakumalizia. Alikuwa ameshalala, na mkono wake ulikuwa juu yangu. Nikamalizia mimi.