Aliyeitikia Amina Ndani ya Lifti

Haya alininong'oneza wifi yangu, mfuaji wa mashuka hospitalini, mwanangu asije akaamka.

Mchana mmoja umeme ulikatika, akakwama ndani ya lifti na shoga yake wa dini nyingine, wakiwa wawili tu.

“Shoga, wewe omba kwa dini yenu, nami kwa yetu,” wifi alitania. “Atakayesikilizwa atutoe sote.”

Wakaomba kwa zamu, wakiitikiana amina gizani. Hewa ikazidi kuwa nzito. Hofu ilipomzidi, wifi aliomba kimoyomoyo: Mungu, nitoe mimi, hata yeye akibaki.

Karibu na sikio lake, sauti ya mwanamume ikaitika, “Amina.”

Mlango ukafunguka. Walitoka wote, shoga yake akicheka.

Kesho yake asubuhi wifi aliingia mle peke yake, akamwombea shoga yake kwa sauti, akasubiri. Hakuna aliyeitikia.