Safari ya Kumchukua Pendo

Mambo haya yalimpata Sabina, mke wa mwalimu Nicholaus, hapa hapa Newala, na mimi ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Sikusimuliwa na mpita njia. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya mwezi wa sita. Ukungu ulikuwa umetanda kama kawaida ya huku kwetu juu, saa nne inafika watu bado wamejifunga makoti. Nicholaus alikaa barazani na daftari lake. Anafundisha jiografia, na mwalimu wa jiografia akipata safari ya nje ya nchi, hata kama nje yenyewe ni Msumbiji tu ng'ambo ya Ruvuma, basi nyumba nzima itakoma. Alishapanga yote. Siku ya kwanza Newala mpaka Masasi, wanalala Lisekese kwa dada yake Upendo. Siku ya pili Mangaka, Mtambaswala, wanavuka daraja, halafu barabara ya vumbi mpaka kijijini kwa Bibi Agnes. Kila kituo kaandika na kilomita zake.

"Mama Violet, kwa mtoto wa miaka miwili na miezi saba, kila baada ya saa moja na nusu tunasimama," alisema. "Poti ipo?"

"Ipo."

"Chandarua? Dawa ya kuhara? Chupa ya uji?"

"Baba Violet, tunakwenda siku nne, hatuhamii."

Wakacheka wote wawili. Nilisikia kile kicheko nikamshukuru Mungu, maana nyumba ile ilikuwa na muda mrefu haijacheka.

Violet alizaliwa pacha. Mwenzake aliitwa Pendo. Homa ya siku mbili tu, Pendo akaondoka akiwa na miezi tisa. Sisi majirani tuliokuwa tukimwita Sabina Mama Pacha tukaanza mmoja mmoja kumwita Mama Violet, na yeye akaitika, na hakuna aliyelisemea jambo hilo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katika ukoo wa Sabina, pacha mmoja akifa hawamlilii, na neno kufa halitamkwi. Halitamkwi nyumbani, halitamkwi hata kaburini wakati wa kuzika. Wanaogopa kwamba yule aliyebaki akilisikia atamfuata mwenzake. Anaambiwa ndugu yako yuko kwa Bibi Agnes, ng'ambo ya mto, na ataelezwa kweli siku atakapoanza kung'oa meno ya utoto. Bibi Agnes ni dada mkubwa wa mama yake Sabina, aliolewa huko zamani sana. Walimchagua yeye kwa sababu ni mbali. Nani angekwenda kuhakikisha?

Na sasa Bibi Agnes mwenyewe ndiye aliyewaita. Mjukuu wake, Faruku, alituma ujumbe wa sauti kwenye wasapu: bibi macho yanafifia, anaomba amwone mtoto kabla hayajazimika kabisa. Sabina aliusikiliza mara tatu. Alitaka kwenda. Alikuwa amechoka na kuta zile.

Mama yake, Bibi Perpetua, alipanda bodaboda kutoka Mnyambe kuja kukataza. "Mtoto mmemwambia mwenzake yuko huko. Akifika asimkute, mtamwambia nini?"

"Tutajua hukohuko, mama," Sabina alijibu.

Neno lililoleta yote haya lilitoka siku ya chanjo. Ili kuvuka mpaka lazima uchanjwe homa ya manjano, na Violet alipoiona sindano alijikunja mikononi mwa baba yake akapiga kelele mpaka nesi akaiweka chini. Nicholaus alibembeleza pipi, akabembeleza mpira, wapi! Mwishowe akasema, "Kubali mwanangu. Tunakwenda kumchukua Pendo. Tutamrudisha nyumbani."

Violet akanyamaza palepale. Akatoa mkono mwenyewe.

Bibi Perpetua aliposikia alikaa chini kwenye sakafu, mtu mzima yule. "Baba Violet, umefanya nini? Pacha hapewi ahadi ya uongo. Ukimwahidi mmoja umewaahidi wote wawili." Akamtaka apeleke unga wa mtama kaburini Mnyambe, alirudishe neno lake. Aliyetoa neno ndiye anayelirudisha.

"Mama, maonyo yako yote nayapokea," Nicholaus alisema, akijaribu kutabasamu, "lakini lile lilikuwa neno la kumtulizia mtoto sindano."

Maonyo yako nayapokea! Ndivyo wasomi wanavyojibu wakwe siku hizi.

Kwa siku mbili hakikutokea kitu. Violet alikuwa akigawa uji wake nusu kwa nusu na kusema huu wa Pendo, lakini hilo mtoto yeyote angelifanya. Siku ya tatu, Sabina akiwa sokoni ananunua dagaa wa safari, simu ikaingia ujumbe. Ulikuwa wa Faruku.

"Shangazi, hamjambo huko. Bibi anasema mkija mlete na nguo. Za huyu mtoto wenu zote zimembana, anakua haraka kweli. Anawasalimu. Tangu juzi anashinda barabarani anawasubiri."

Nyuma ya sauti ya Faruku kulikuwa na jogoo, na mtu anatwanga. Na mtoto anacheka.

Sabina hakukumbuka alivyofika nyumbani. Dagaa aliwaacha mezani pa muuzaji. Alimpa mumewe simu, akasimama anamtazama usoni anavyosikiliza. Nicholaus alirudia. Akarudia tena. Akampigia Faruku, simu haikupatikana.

"Bibi Agnes kazeeka, anachanganya," alisema.

"Anayesema ni Faruku."

Nicholaus akafunga daftari.

Na Sabina, niwaambieni ukweli kama alivyoniambia yeye, hakuogopa tu. Ndani ya hofu ile alikuwamo mtu mwingine anayetaka kukimbilia gari. Anakua haraka kweli. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikwenda kwenye begi la safari akajikuta anahesabu magauni, haya ya Violet, haya yanaweza kumtosha mwenzake, mpaka mama yake alipomshika mikono.

"Nyumba hii ina nafasi ya mmoja," Bibi Perpetua alinong'ona. "Ukimwingiza yule, huyu atatoka. Nenda na mumeo kaburini. Amwambie ukweli. Amwambie amekufa. Hakuna aliyewahi kumwambia."

Kesho yake mchana walikwenda Mnyambe. Kaburi liko pembeni ya mikorosho ya Bibi, dogo, limezungushiwa mawe. Nicholaus alipiga magoti akamwaga unga. Jua lilikuwa limewaka, nyuki wanavuma kwenye maua ya korosho.

"Pendo," akasema. "Baba yako nilikosea."

Bibi Perpetua akamgusa bega: sema. Nicholaus akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka, yale ambayo alikatazwa miaka miwili.

"Hatuji," akasema. "Pendo, hatuji tena."

Akainuka akaenda kwenye gari. Lile neno jingine hakulisema. Nani angelisema kwa mwanawe?

Asubuhi yake Faruku akatuma ujumbe. Alikuwa anahema. "Shangazi, mtoto ameondoka. Ameamka anasema hamji, baba kamwambia. Anasema anakuja mwenyewe. Tumemfuata mpaka darajani hatukumwona. Tusameheni, shangazi." Huo ukawa mwisho. Simu ya Faruku haijapatikana tena mpaka leo.

Ahadi ya kwenda ilikuwa imerudishwa, kweli. Sasa wao ndio waliokuwa wakijiwa.

Sabina alilitoa lile daftari. Kila asubuhi aliweka kidole kwenye kituo kimoja, kutoka nyuma kuja mbele, akipima hatua za miguu midogo. Leo atakuwa Mtambaswala. Leo yuko porini kabla ya Mangaka. Leo Mangaka. Atakuwa amekula nini? Mumewe alimkataza kusema hivyo, naye usiku halali.

Siku ya saba wifi yake Upendo akampigia simu kutoka Lisekese.

"Wifi, Violet yuko wapi?"

"Yuko hapa miguuni kwangu."

Upendo alikuwepo kwenye maziko, alimwosha Pendo kwa mikono yake. "Basi nisikilize," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtoto amepita hapa sasa hivi. Ameomba maji. Sura ya Violet, lakini amekonda, miguu vumbi mpaka magotini. Akaniita shangazi. Nimemgeukia kumchukulia kikombe, hayupo."

"Alikunywa?"

"Wifi..."

"Nakuuliza, alikunywa maji?"

"Hakunywa."

Nicholaus aliwasha gari akaenda barabara ya Masasi. Sijui alikuwa anakwenda kumzuia au kumpakia. Nadhani hata yeye hakujua. Alikwenda na kurudi siku mbili, polepole, vioo vimeshushwa. Hakumwona.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatano. Saa saba mchana, jua kali, ukungu wote umekwisha. Nilikuwa uani kwangu naanika makopa ya muhogo. Nicholaus alikuwa barabarani. Ndani mlikuwa na Sabina, mama yake, na Violet anayecheza na vifuniko vya chupa.

Nikasikia hodi.

Sauti ya mtoto. Niliinuka nikatazama juu ya ukuta. Mlangoni kwao hapakuwa na mtu. Hodi ikapigwa tena.

Ndani, Violet aliacha vifuniko vyake. "Mama," akanong'ona, "fungua."

Sabina akamnyakua, akamkumbatia kifuani, akamziba masikio. Bibi Perpetua akaweka mgongo wake mlangoni.

"Mama, nimefika."

Hakuna aliyeitika.

"Mama, nimechoka."

"Mwambie," Bibi alinong'ona. "Wewe uliyemzaa atakusikia. Mwambie amekufa, akalale. Sema, Sabina!"

Sabina akafungua mdomo. Violet alikuwa wa moto mikononi mwake, ghafla, moto wa homa. Neno lilikuwa moja tu. Alilikuta kooni, akalisukuma, halikutoka.

"Mama, nimekosa nini?"

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, na nimezaa watoto watano, na sijawahi kusikia swali kama lile. Sabina aliuma kanga yake asilie kwa sauti. Hakufungua. Hakusema. Kisha kitu kikakwaruza chini ya mlango, taratibu, kama kucha, kikaacha.

Jioni homa ya Violet ilishuka. Kesho yake alikula, akacheza. Hakumtaja Pendo, na hajamtaja tena.

Safari ikafutwa. Wiki mbili baadaye Sabina alitoa vitu vya begi avirudishe mahali pake. Chini kabisa ya sanduku la nguo anakofungia vitenge, akaikuta kadi ya kliniki ya Pendo. Hakuwa ameigusa tangu maziko. Akaifungua.

Mnaijua ile chati ya uzito: kijani mtoto mzima, kijivu wa wasiwasi, nyekundu hatari. Nukta za Pendo ziliishia mwezi wa tisa, Sabina alikuwepo nesi akiiweka ya mwisho. Sasa zilikuwa zinaendelea. Mwezi wa kumi, wa kumi na moja, mwaka, mwaka na nusu, wino wa buluu, kila mwezi nukta yake, zinapanda vizuri ndani ya kijani. Mtoto aliyetunzwa. Zilikwenda hivyo mpaka mwezi wa thelathini. Mwezi wa thelathini na moja, ule waliomwambia hatuji, mstari ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kijivu.

Alinionyesha. Nilipitisha kidole juu yake. Wino ulikuwa umekauka siku nyingi.

Mwezi uliofuata akaifungua tena kadi. Nukta imeongezeka moja, chini zaidi. Mwezi baada ya huo, nyekundu.

Bibi Perpetua alikuja na kiberiti. Alisema kadi ichomwe leo hii, uani, na yeye atasimama hapo mpaka iwe jivu. Sabina aliikumbatia kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama," alisema, "nitachomaje kadi ya mtoto ambaye bado anapimwa?"