Hisa Kumi za Evodi

Maiti ya Telesphor ilikutwa Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, katika chumba cha tofali mbichi nyuma ya goli la kusini la uwanja wa mpira. Aliyeikuta alikuwa Kasilda, muuza togwa, aliyekwenda kuchukua mitungi yake aliyoiacha hapo baada ya mechi ya Jumamosi. Hakupiga kelele. Alirudishia mlango, akauegemezea jiwe, akatembea kwa miguu hadi kituo cha polisi.

Inspekta Msaidizi Gelasius alikwenda pamoja na Sajenti Gaspar. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1956, na vumbi jekundu la Mpanda lilikuwa limepaka kila kitu, hata majani ya miombo. Gelasius alikuwa na miezi sita tu katika mji ule wa mgodi na reli. Mkewe, Lusia, alikuwa amezikwa Tabora, na hapa Mpanda hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwona.

Alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kuingia.

Telesphor alikuwa amelala chali, amenyooshwa, miguu pamoja. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu iliyoganda ilionekana kwenye mpini wa chuma wa jiwe zito la kusawazishia uwanja, lakini jiwe lilikuwa hatua nne kutoka pale alipolala. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Kidevu kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kitambaa ili kinywa kisiachame. Kando palikuwa na bakuli la maji yaliyogeuka rangi.

"Aliyemuua amemwosha uso," alisema Sajenti.

"Na amemfunga kidevu."

"Mchawi, Afande?"

"Mtu aliyewahi kuzika," alijibu Gelasius.

Katika mfuko wa koti walikuta bahasha ya kaki, ya zile ambazo mgodi ulitilia mishahara. Ndani yake mlikuwa na shilingi mia mbili. Juu yake palikuwa na namba moja tu kwa penseli: 10.

Daktari alifanya uchunguzi wa maiti siku hiyohiyo. Kifo kilitokea Jumamosi jioni, jua likizama. Pigo lilikuwa moja. Kifuani palikuwa na michubuko miwili, kama ya mtu aliyesukumwa kwa mikono yote miwili.

Saa sita mchana Sajenti Gaspar alikuwa tayari na mtu mahabusu. Alikuwa Makarius, kipa wa Klabu ya Mwanzo Mgumu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Jumamosi, baada ya timu kufungwa mabao manne, Makarius alimkaba Telesphor shati mbele ya watu na kumwambia kwamba asiporudisha pesa yake hataiona Jumatatu. Askari walipopekua chumba chake, walikuta shilingi mia moja ndani ya godoro.

Mkuu wa polisi wa wilaya, Mwingereza, alisoma taarifa mara moja akaifunga. Aliona kesi imekwisha. Mtuhumiwa angepelekwa Tabora kwa gari moshi la Alhamisi. Kosa la kuua kwa kukusudia lilikuwa na adhabu moja tu, na kila mtu mjini aliijua.

Gelasius alikuwa na siku nne.

Alianza kwa Makarius.

"Pesa ile umeipata wapi?"

"Ni yangu, Afande. Ya hisa zangu tano."

"Nani alikupa?"

"Yeye mwenyewe. Baada ya ugomvi alinifuata njiani, akanipa bahasha. Hakusema neno."

"Kwa nini uliificha?"

"Niliposikia amekufa niliogopa. Nani angeniamini?"

"Ulimfunga wewe kidevu?"

Kijana alimtazama kama hakuelewa. Sajenti alieleza baadaye kwamba asubuhi ile walipotaka aitambue maiti, Makarius alikataa kuvuka kizingiti, akatapika nje. Zile mia moja zilikuwa mahari ya Josefina wa Sibwesa. Baba wa msichana alikuwa amesema hadi mavuno, si zaidi, na kijana alikuwa amezitia kwenye mpira.

Bahasha ya Makarius ilikuwa bado ndani ya godoro. Juu yake paliandikwa: 5.

Jioni Gelasius alikwenda kwa Marsela, mjane. Alimkuta amekaa mkekani na wanawake wawili wa kanisani. Alieleza bila kulia, kwa sauti iliyochoka. Mumewe alikuwa karani wa mgodi, yule aliyeita majina ya wafanyakazi langoni kila alfajiri. Miaka miwili iliyopita alisikia kwamba Ulaya timu za mpira zina wenye hisa, kama kampuni. Akaona na hapa inawezekana. Uwanja ungezungushiwa ua wa matete, watu wangelipa kiingilio, na faida ingegawanywa. Hisa moja iliuzwa shilingi ishirini. Watu ishirini na watatu walinunua.

"Faida iligawanywa?" aliuliza Gelasius.

"Mara moja. Senti hamsini kwa hisa."

"Pesa aliila?"

"Hakuila." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Angekuwa ameila ningepumzika, Bwana Inspekta. Ameuza kiwanja chetu cha Kashaulili. Ameuza cherehani yangu. Wiki nzima amezunguka usiku na mchana akiwarudishia watu pesa zao, mmoja mmoja. Alisema yeye ndiye aliyewadanganya, ingawa hakujua kuwa anadanganya."

Gelasius alitoka na daftari la wenye hisa chini ya kwapa.

Jumatatu asubuhi alipitia sokoni Kashaulili kumwona Feruzi, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Karema, aliyekuwa amenunua hisa mbili. Feruzi alikuwa akipepeta dagaa kwenye ungo na hakuacha kazi kwa ajili ya polisi. Alikubali amelipwa Alhamisi iliyopita. Ilionekana amekuwa akingoja mtu wa kumweleza mawazo yake.

"Sikiliza, Bwana Inspekta. Kule ziwani watu watatu wanaweza kununua mtumbwi. Wakikosa samaki leo, mtumbwi upo. Wakigombana, watauza mbao wagawane. Sasa hii timu, ukitaka kuuza utauza nini? Utauza mguu wa Makarius?"

Wachuuzi jirani walicheka. Feruzi hakucheka.

"Na ikishinda?"

"Ikishinda ndiyo hasara zaidi. Ikishinda inaalikwa Tabora. Nauli ya gari moshi watu kumi na wanne, chakula, malazi. Sisi tulikuwa tunaomba ishinde, na kila ikishinda tunazidi kufilisika. Nilimwambia Telesphor mwaka jana, biashara inayokula ikifurahi na ikinuna si biashara."

"Alijibu nini?"

"Alinyamaza. Alikuwa mtu mwema. Mtu mwema asiuze hisa."

"Wewe kwa nini ulinunua?"

Feruzi alitoa kokoto kwenye dagaa. "Mji huu una watu wa kila kabila, na kila mtu kwao ni mbali. Jumamosi nilikuwa na mahali pa kwenda nikasema 'timu yetu'. Shilingi arobaini si nyingi."

Sajenti Gaspar alikuwa na maelezo yake kuhusu zile mia mbili za mfukoni. Makarius aliiba mia moja, akasikia hatua za watu, akakimbia, nyingine zikabaki. Gelasius hakumbishia. Alimwomba tu awatangazie wenye hisa wote wakutane uwanjani saa kumi jioni.

Walikuja. Walikaa nyasini mbele ya goli, kofia mikononi, wakijiweka mbali na kile chumba. Gelasius alifungua daftari akaanza kuita majina kwa utaratibu. Kila aliyeitwa alisema "Yupo", kama ilivyo desturi langoni mgodini, akaulizwa kama amelipwa, akatoa bahasha yake au kueleza ilikokwenda. Namba ya penseli juu ya kila bahasha ilikuwa sawa na hisa za mtu. Mbili. Moja. Tatu. Makarius alikuwa mahabusu, lakini bahasha yake ilikuwa kituoni.

Karibu na mwisho wa ukurasa aliita, "Evodi Silvesta. Hisa kumi."

Hakuna aliyejibu. Watu waliinamisha vichwa.

Kisha kutoka nyuma kabisa, karibu na ua, mzee mmoja mwembamba alisimama.

"Yupo," alisema.

"Umelipwa, mzee?"

"Hapana."

Akaketi. Gelasius alimalizia majina mawili yaliyobaki. Wote wawili walikuwa wamelipwa.

Watu walipotawanyika, Feruzi alibaki akijifanya anafunga kiatu. Alieleza kwa sauti ya chini. Yule mzee hakuwa Evodi. Evodi alikuwa mwanawe, mchimbaji wa mgodini na winga wa kushoto, kijana mcheshi aliyependwa sana. Alikufa kwa homa ya kichwa, siku tatu tu, miaka miwili iliyopita. Mzee Silvesta, mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, alikuja kumzika na hakurudi tena. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, na Evodi alikuwa mtoto wake pekee. Aliuza baiskeli ya marehemu, akaongeza na mshahara wa mwisho wa kijana, akanunua hisa kumi kwa jina la mwanawe.

"Na kwa nini huitikia jina la marehemu?" aliuliza Gelasius.

"Telesphor alikuwa anaita majina kama langoni mgodini. Ndiyo mazoea yake. Kila baada ya miezi mitatu tunakutana, anaita wote. Akifika kwa Evodi, mzee anaitika. Mwanzoni ilitutisha. Halafu tukazoea."

Mzee Silvesta aliishi kwenye kibanda upande wa pili wa uwanja. Kazi yake ilikuwa kukarabati ua wa matete, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Gelasius alimkuta amekaa juu ya kigoda, mlango wazi, shati lake la kanisani limekunjwa mapajani. Upindo wa chini wa shati lile ulikuwa umechanwa.

Gelasius alivua kofia. Alitafuta pa kukaa, akakaa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Kule chumbani. Na Telesphor."

"Aliyekuita nani?"

"Yeye. Alisema ana jambo langu."

"Jambo gani?"

"Pesa. Alitoa bahasha. Alisema, 'Baba, nimekuweka mwisho kwa sababu nilikuonea haya. Hisa za mpira si mali. Chukua, urudi kwenu ukalime.' Akasema Jumatatu atalipeleka daftari kwa Bwana Shauri wa wilaya lifungwe, klabu ivunjwe."

"Ulikuwa hujui kwamba si mali?"

Mzee alitabasamu kidogo, kwa mdomo tu.

"Mimi nimelima mpunga miaka arobaini. Mbegu isiyoota naijua nikiitia mkononi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Basi kwa nini hukupokea pesa?"

Mzee Silvesta alilikunjua shati, akalikunja tena. Nje, mtu alikuwa akiita mbuzi.

"Kwetu, mtu akifa, jina lake anapewa mtoto wa ukoo," alisema mzee. "Anaitwa kila siku. Akitumwa maji anaitwa, akikosea anaitwa. Mimi sina mtoto wa kumpa. Nilikaa mwezi mzima baada ya mazishi sijasikia mtu amesema Evodi. Hata mapadre walisema 'marehemu'. Ndipo Telesphor akaniuzia hisa. Aliniuliza aandike jina la nani. Siku ya mkutano wa kwanza akaita, Evodi Silvesta, kwa nguvu, kama mtu anayemngoja aje. Mimi nikaitika. Sikupanga kuitika. Tangu hapo nikawa nahesabu siku."

"Ukamwambia hivyo?"

"Nilimwambia asinirudishie. Akadhani naona haya. Akanishika mkono atie bahasha kwa nguvu, anasema 'Chukua, baba, chukua.' Nilimsukuma aniache. Nilimsukuma kwa mikono miwili, mwanangu. Akarudi nyuma, akajikwaa kwenye lile jiwe, kisogo kikagonga mpini. Sikusikia hata kelele."

"Halafu?"

"Nilimvuta pasipo na damu. Nilimwosha. Nilichana shati langu nikamfunga kidevu, kama nilivyomfunga Evodi. Bahasha nikamrudishia mfukoni, kwa sababu ni yake."

Gelasius akauliza swali alilokuwa nalo tangu uwanjani.

"Yuko kijana ndani kwa ajili ya jambo hili. Ungemwacha anyongwe?"

"Nilikuja kituoni jana alasiri," alisema mzee. "Askari wa mlangoni akaniuliza ni mahabusu yupi nimemletea chakula. Nikasema sikuleta chakula. Akasema basi niondoke, nyie wazee mnajaza mlango. Leo alfajiri nikaja tena, akawa yuleyule. Nikarudi nikakaa hapa. Nilijua kabla ya Alhamisi mtu ataniuliza, au nitakwenda kulala relini."

Hapakuwa na haja ya pingu. Walivuka uwanja pamoja, polepole, kwa mwendo wa mzee.

Kituoni kipande cha kitambaa kililinganishwa na shati, kikakaa sawasawa kwenye mchano wake. Daktari aliitwa, akathibitisha kwamba majeraha yanalingana na kusukumwa na kuanguka. Shitaka liliandikwa kuwa la kuua bila kukusudia. Sajenti Gaspar alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu. Makarius alitoka akipepesa macho, akapewa shilingi zake mia moja, akazihesabu huku akilia, akashika njia ya Sibwesa bila kuuliza ni nani aliyemponya wala ni nani aliyekaribia kumponza.

Bahasha yenye namba kumi ilibaki kuwa kielelezo. Mzee aliomba pesa zile apewe Marsela. Gelasius alimwambia hilo ataamua hakimu, na kwamba yeye atamwandikia hakimu kuliombea.

Yalibaki maswali ya fomu. Gelasius aliyasoma moja moja, na mzee alijibu. Umri, hajui hasa. Kabila, Mpimbwe. Dini, Mkatoliki. Kazi, alifikiri kidogo, akasema mkulima.

"Ndugu wa karibu wa kupelekewa habari?"

Mzee Silvesta aliangalia mezani.

"Andika klabu," alisema.

Gelasius alichovya kalamu. Alijua kwamba klabu imekufa, na kwamba barua yoyote itakayotumwa huko itazungushwa na posta, ikose mwenyewe, irudi kituoni hapa, juu ya meza hii. Akaandika, kwa mwandiko wa kusomeka vizuri: Klabu ya Mwanzo Mgumu, Mpanda.