Kilo Nane Hadi Nyabusozi

Hategekimana wa Bukiriro, kule Ngara, anajulikana kwa mambo mawili: kucheka kwa sauti na kubeba mizigo. Ujana wake wote alipeleka ndizi sokoni kwa baiskeli, mikungu mitano kwa safari moja. Watu waliona ndizi zinatembea, yeye hawakumwona. Siku hizi ana miaka hamsini na minane, lakini sifa ile bado anaipenda kuliko chai ya maziwa.

Jumatatu moja, yeye na mke wake Claudia walikuwa shambani wakipalilia migomba. Simu ikalia. Alikuwa Bulugu wa Nyabusozi, kule Biharamulo. Bulugu ni Msukuma, na mwanawe amemwoa Iradukunda, binti wa Hategekimana.

"Mzazi mwenzangu," alisema Bulugu, "mjukuu wetu anabatizwa Jumapili. Mimi nina jina la mama yangu, liko tayari."

"Hata mimi nina la mama yangu!" alijibu Hategekimana. "Ataitwa Nimpaye!"

Bulugu alicheka. "Basi tufanye hivi. Wewe ni mgeni, nakuheshimu. Ukifika kabla ya ibada, jina unatoa wewe. Usipofika, natoa mimi."

"Pikeni wali. Tunakuja."

Msomaji, hapa usicheke sana. Mama yake, Nimpaye, alimlea Hategekimana peke yake, katika miaka migumu ya kukimbia vita. Wajukuu wamezaliwa wengi, lakini hakuna aliyepewa jina lake. Jambo hilo lilimuuma Hategekimana. Hakulisema mara nyingi, ila Claudia alilijua.

Basi la kwenda Biharamulo lipo. Tatizo ni tumbo la Claudia. Gari likianza kuyumba, tumbo nalo linaanza. Mara ya mwisho walimshusha amebebwa.

"Twende kwa baiskeli," alisema Claudia. "Kila mtu na yake. Tukiondoka Jumatano tutafika Ijumaa. Miguu yangu haitapiki."

Jumanne, Hategekimana alifunga mizigo. Kwao, kwenda ukweni mikono mitupu ni aibu. Kwa hiyo alifunga mkungu wa ndizi na dumu la lita ishirini la juisi ya ndizi. Akaongeza sufuria, jiko la mkaa, mkaa wenyewe, mablanketi mawili mazito, suti, na viatu jozi mbili.

Claudia alishika kiuno. "Baba Iradukunda, tunahama?"

"Mwanamume haendi ukweni kama anayekimbia polisi," alijibu mumewe.

Jumatano asubuhi waliondoka. Walifika kilima cha kwanza tu. Katikati ya mlima, ta! Spoki ya gurudumu la nyuma ikakatika. Ta! Ya pili. Mzigo ukavuta baiskeli nyuma, gurudumu la mbele likainuka, na Hategekimana akajikuta amekaa barabarani. Dumu lilipasuka. Juisi yote ikamwagika. Waliofurahi ni nyuki peke yao.

"Umeumia?" aliuliza Claudia.

"Sijaumia. Lakini siku moja imepotea." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Claudia, jina la mama litapotea tena."

Walikokota baiskeli hadi kwa jirani yao Yuster. Yuster ni fundi baiskeli. Yeye na wenzake waliwahi kuendesha baiskeli kutoka Ngara hadi Mwanza kwa wiki nzima. Alipouona ule mzigo, aliweka spana chini.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitengenezee spoki haraka, tuondoke."

"Spoki nitaweka. Lakini mzigo huu utakata nyingine kesho."

"Mimi nilikuwa nabeba mikungu mitano!"

"Najua, baba. Kila mtu hapa anajua, umetuambia," alisema Yuster akitabasamu. "Uliishusha saa ngapi?"

"Saa nne nilikuwa sokoni."

"Na huu utaushusha lini?"

Hategekimana alihesabu siku kwa vidole. "Jumamosi," alisema.

"Ndiyo tofauti. Mzigo wa sokoni unabebwa asubuhi moja. Mzigo wa safari unapanda nawe kila kilima, siku tatu. Kilo moja tambarare huisikii. Kwenye kilima cha kumi utaitukana."

Yuster alitandika mkeka, akaleta mizani anayopimia kahawa yake. Walipima kila kitu. Mzigo wa Hategekimana, hata bila juisi, ulikuwa kilo arobaini na moja.

"Sasa tufanye mafungu matatu," alisema Yuster. "Fungu la kwanza ni vitu ambavyo bila hivyo safari haiendi. La pili ni vitu ambavyo labda vitawafaa. La tatu vibaki nyumbani."

Jiko, mkaa na sufuria vilibaki nyumbani. "Njia nzima kuna mama ntilie," alisema Yuster. "Bebeni karanga za kukaanga na viazi vya kuchemsha vya siku moja. Vingine mtanunua."

"Na mablanketi?" aliuliza Claudia. "Usiku kuna baridi."

"Mtalala wapi?"

"Kesho Kasulo, kwa Nimenya, niliyeimba naye kwaya. Keshokutwa gesti, njiani."

"Basi kote kuna kitanda. Chukua kitenge kimoja, mama. Asubuhi ni mtandio, mchana ni kivuli, jioni ni taulo. Baba abebe sweta moja. Nguo za kubadili ni jozi moja moja. Jioni mnafua, asubuhi mnavaa."

Fungu la pili lilizidi kukua, maana Hategekimana kila kitu alisema labda. Labda mvua. Labda nyoka. Labda gesti hawana kiti. Mwishowe Yuster alilibeba fungu lote la labda, akalipeleka kwenye fungu la nyumbani. Alirudisha kitu kimoja tu, karatasi ya nailoni ya kujikinga na mvua. Ilikuwa nyepesi kuliko yai.

"Vizuri!" alisema Hategekimana, sasa amepata moto. "Wepesi ni wepesi! Toa na pampu. Toa na chupa za maji."

"Hapana, baba!" Yuster alimshika mkono. "Wepesi si kukosa. Maji chupa mbili kila mtu, mnajaza kila penye bomba. Pampu, tyubu moja, viraka, gundi, spana. Hivyo ni vya wote wawili, seti moja inatosha. Na vizibao vya njano, ili wenye malori wawaone. Uzito unaokulinda unaubeba."

Walipima tena. Mfuko wa Claudia ulikuwa kilo saba. Wa Hategekimana ulikuwa kilo kumi na moja.

"Haiwezekani," alisema Yuster. "Nilihesabu nane."

Claudia alimtazama mumewe. Mumewe alitazama migomba. Claudia akaingiza mkono ndani ya suruali ya suti na kutoa pasi ya mkaa.

"Yoo! Baba Iradukunda!"

"Niende kwa Bulugu na suruali ya mikunjo?"

Walicheka hadi Yuster akakaa chini. Kisha akamwonyesha. Usikunje suruali, iviringishe kama mkeka. Ukifika, itundike penye mvuke wa maji ya kuoga. Mikunjo itaondoka.

Lilibaki suala la zawadi. Hapo Hategekimana alisimama imara. "Sitafika mikono mitupu. Hilo hapana."

"Nyabusozi hawana ndizi?" aliuliza Yuster.

"Wanazo."

"Basi peleka kitu ambacho hawana."

Claudia alifikiri kidogo. Alikwenda nyumbani, akarudi na kifuko cha kitambaa. Ndani zilikuwa mbegu za maharage, zile nyekundu zenye madoa. Mama Nimpaye alizileta kutoka ng'ambo ya mpaka, alipokimbia vita, akiwa amezifunga kwenye nguo yake. Kila mwaka wanazipanda, kila mwaka wanaweka mbegu.

Ziliwekwa kwenye mizani. Nusu kilo. Hategekimana alizishika kwa mikono miwili na macho yake yakalowa. Hakuuliza tena habari ya mkungu.

Yuster aliwashonea mifuko ya pembeni kwa viroba vya plastiki, miwili kwa kila baiskeli. "Kizito kikae chini, na pande zote mbili zilingane," alisema. "Msirundike juu ya keria. Mzigo ukikaa juu, baiskeli inayumba."

Alhamisi alfajiri waliondoka. Kile kilima cha Jumatano walikipanda wakizungumza. Penye mlima mkali walishuka na kukokota, bila aibu. Ijumaa mvua ilinyesha, wakajifunika nailoni na kuimba. Tairi la Claudia lilipata msumari. Kiraka, gundi, pampu, na robo saa baadaye walikuwa njiani.

Jumamosi saa tisa alasiri waliingia Nyabusozi. Bulugu alikuwa amesimama uani. Alizunguka baiskeli mara mbili.

"Mzigo wenyewe ndio huu? Nilisikia wewe ni bingwa!"

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," alijibu Hategekimana. "Wewe si jirani yake? Mimi nimekuja kutoa jina."

Bulugu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Claudia alikuwa ameshapita. Alikuwa ndani, amembeba mjukuu, na hakuwa na habari na mtu.

Jumapili, Hategekimana alivaa suruali iliyonyooka. Miguu haikumuuma. Kanisani alisimama mwenyewe, bila kushikwa, akiwa amempakata mtoto. Mchungaji aliuliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Bulugu, aliyekuwa pembeni yake, alimgusa kiwiko. "Sema kwa sauti, mzazi mwenzangu. Watu wa nyuma nao wasikie."

"Nimpaye," alisema Hategekimana, na kanisa zima likasikia.

Mtoto alipiga chafya. Iradukunda alilia kwa furaha, na Bulugu naye alilia, akasingizia vumbi.